Moyo wa mama unapapatika: je, ngoma na kwaya vitamsaidia?

SWALI: Mama yangu ana miaka 61, tunakaa Mabatini, juu mlimani. Mwezi wa tatu alipimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, akaambiwa ana mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha vali ziko sawa. Chanzo wanasema ni presha ya muda mrefu. Anatumia bisoprololi ya kupunguza mapigo na warfarini ya kuzuia damu kuganda. Kliniki wamemruhusu kuanza mazoezi mepesi. Yeye ni mwanakwaya, na usichana wake wote kule Magu alikuwa mcheza ngoma. Kuna mtu amemwambia upo muziki ambao ukiusikiliza unanyoosha mapigo ya moyo, basi siku hizi anashinda na spika. Nikimpima kwa simu naona 74, mara 112, hapo hapo. Je, muziki unaweza kunyoosha mapigo? Na akicheza ngoma nyumbani, tutajuaje kwamba hajazidisha? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Nianze na hilo la kunyoosha, maana ndilo linaloweza kumponza mama. Muziki hauondoi mpapatiko.

Mtu mwenye moyo wa kawaida akisikiliza wimbo wa taratibu, mapigo yake hushuka kidogo. Sababu ni kwamba kila pigo linaanzia kwenye kituo kidogo cha umeme kilicho juu, upande wa kulia wa moyo, na kituo hicho kinasikiliza neva ya vagasi, ile inayopunguza mapigo, ambayo nayo inakwenda na pumzi. Pumzi ikitulia, kituo kinatulia. Kwa mama, kituo hicho kimenyang'anywa usukani. Vyumba vya juu vinatoa cheche zaidi ya 350 kwa dakika, kila kona na yake, na kinachomwokoa ni lango la katikati linalopitisha chache na kuzuia nyingi. Bisoprololi inafanya kazi hapo langoni: inalibana. Muziki wa utulivu, au pumzi ndefu, vinaweza kulibana kidogo zaidi, na mapigo yakapungua. Lakini yanapungua yakiwa vile vile, shaghalabaghala.

Na hatari ya kiharusi haitokani na kasi. Inatokana na damu kutuama kwenye kijifuko kilicho pembeni ya chumba cha juu cha kushoto, kwa sababu chumba kinatetemeka tu badala ya kusukuma. Damu iliyotuama huganda, na bonge likisafiri hadi ubongoni ndicho kiharusi. Mgonjwa anayesikia kifua kimetulia, akajiambia amepona, akaacha warfarini, anabaki na kijifuko kile kile chenye damu iliyotuama, sasa bila ulinzi. Mwambie mama hivyo, kwa maneno hayo hayo kama yatafaa.

Hata hivyo msimzimie spika. Muziki una kazi tatu za kweli kwenye mazoezi yake: unashika mwendo wa miguu usipande wala kushuka, unamtulizia pumzi wakati wa kupoa, na unamfanya arudi tena keshokutwa. Hiyo ya tatu watu huidharau, lakini mazoezi ya moyo yanashindwa zaidi kwa uvivu kuliko kwa hatari. Kule Ancona, Italia, timu ya Romualdo Belardinelli ilitoa mwaka 2008 matokeo ya wagonjwa 130 wa moyo uliochoka, usiosukuma damu ya kutosha: waliocheza waltz mara 3 kwa wiki kwa wiki 8 walipata nguvu sawa na waliofanya mazoezi ya mashine. Jaribio hilo halikuwa la mpapatiko. Kwa mpapatiko wenyewe, mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 6 yenye wagonjwa 421, yakaona kwamba mazoezi yanaongeza uwezo wa mwili kufanya kazi. Ushahidi kwamba yanapunguza vifo haukuwepo. Kwa hiyo lengo la mama liwe kupanda ngazi za mawe bila kuhema, kulala vizuri, kumaliza ibada akiwa na nguvu.

Sasa simu yako. Namba 74 na 112 zinaweza zote kuwa za kweli, na zinaweza zote kuwa za uongo. Moyo wa namna hii hupiga mapigo mengine kabla haujajaa damu, na hayo hayafiki mkononi kwa nguvu ya kutosha. Taa ya simu haiyaoni, kisha programu inakadiria dakika nzima kutoka sekunde chache. Tumia vidole. Mama akae dakika 5 bila kuongea, mkono mapajani, kiganja juu. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, kwenye kale kabonde kati ya mfupa na mshipa mgumu. Usitumie dole gumba lako, lina mapigo yake. Hesabu sekunde 60 kamili. Ule mtindo wa sekunde 15 mara nne ni wa moyo wenye mpangilio. Kwa huu utapata 68 sasa hivi na 104 ukirudia. Siku ya kliniki mwombe muuguzi asikilize kifuani kwa kipimo chake huku wewe ukihesabu mkononi, ndipo mjue vidole vyako vinakosa mangapi. Na mashine ya presha nayo hupotezwa na mpapatiko: pima mara 3, pumzika dakika moja katikati, chukua wastani.

Ile hesabu ya 220 kutoa umri isahauni. Kwa mama ingekuwa 159, na asilimia 70 yake ni 111. Lakini bisoprololi inazuia mapigo yasipande, na mpapatiko unayarusha bila kujali kazi. Anaweza kufika 111 akiwa ameketi anamenya viazi, na asifike akiwa amechoka hoi. Kipimo chake ni pumzi. Msweden Gunnar Borg alitunga kipimo cha uchovu cha kuanzia 6 hadi 20, na wataalamu wa mazoezi tiba wanakitumia mpaka leo. Mama akae kati ya 11, yaani kazi nyepesi, na 13, kazi inayoanza kuwa nzito. Kwa lugha ya nyumbani: aweze kuongea sentensi nzima, lakini akijaribu kuimba ubeti akatikie njiani. Akiweza kuimba ubeti mzima, ni mwepesi mno, jambo ambalo kwa wiki 2 za kwanza ni sawa kabisa. Akitoa maneno matatu matatu, amezidi.

Kuna mtego hapo. Mwanakwaya mzoefu anajua kuiba pumzi katikati ya mstari, kwa hiyo wimbo utamficha. Mwulize habari, umwache ajieleze: sato leo Kirumba walikuwa bei gani, nani aliuza, walipunguza? Majibu yakifupika, punguza mwendo.

Sasa tuchague nyimbo. Mwendo wa wimbo unaupima kwa mguu: washa, kanyaga chini pale mwili unapotaka kukanyaga, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Ngoma za Kisukuma zinahitaji uangalifu kidogo, kwa sababu ngoma ndogo zinajaza katikati ya hatua. Ukihesabu mlio wa ngoma ndogo utapata mara mbili au tatu ya mwendo wa kweli, ukautupa wimbo mzuri bure. Hesabu miguu. Wiki 2 za mwanzo tafuta nyimbo za 80 hadi 90 kwa dakika, hatua moja kila mdundo. Baada ya hapo sogea hadi 100. Kwa watu wazima walio wengi, hatua 100 kwa dakika ndipo kutembea kunapogeuka kuwa mazoezi ya kiasi cha kati. Zaidi ya 115 hana haja nako. Singeli inapita 200, mwachieni mjukuu.

Msilinganishe wimbo na mapigo ya moyo. Zipo programu za simu zinazosoma mapigo na kuchagua wimbo wa kasi hiyo. Kwa mama zitakuwa zinabadilisha wimbo kila nusu dakika zikimfukuza mnyama asiyekamatika.

Kosa linalotokea sana ni wimbo unaopanda wenyewe. Pambio zinajulikana: zinaanza 96, likirudiwa mara ya tano mpiga kinanda ameshaongeza gia, mko 120, na hakuna aliyeona. Bugobogobo nayo, kwa kuwa ni ngoma ya jembe, imejengwa kupandisha mori mpaka shamba liishe. Kwa hiyo pima kila wimbo mwanzoni, katikati na mwishoni. Tofauti ikizidi 8, huo ni wa kusikiliza, si wa kuchezea. Zilizobaki zipange kwenye simu kwa mfuatano, kwa sababu kuchagua wimbo katikati ya mazoezi kunamfanya asimame ghafla, na kusimama ghafla ni hatari yake yenyewe, nitaieleza.

Mpango uwe siku 3 kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, asubuhi kabla jua la ziwa halijapanda, saa moja hivi na kuendelea, awe amekunywa maji na amekula kitu chepesi. Dawa anameza kama kawaida. Siku ya mazoezi si siku ya kuruka bisoprololi. Kabla ya kuwasha spika hesabu mapigo. Yakiwa zaidi ya 110 akiwa ametulia, au presha ya juu zaidi ya 180 au ya chini zaidi ya 110, au ana homa, au uzito umepanda kilo 2 ndani ya siku 2 au 3 na miguu imevimba, leo hakuna mazoezi, na hilo la uzito au mapigo likiendelea apelekwe kliniki bila kungoja tarehe.

Dakika 10 za kwanza acheze ameketi. Wasukuma hamhitaji kufundishwa hili na mtu: wigashe ni ngoma ya kukaa, jina lenyewe linasema, na mabega, kiwiliwili na kichwa vinafanya kazi yote. Kiti kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani, nyayo zote chini. Nyimbo mbili za 70 hadi 80: kwanza visigino vinapanda na kushuka, kisha mabega, kisha mikono mbele mpaka usawa wa kifua. Isipande juu ya kichwa. Mikono ikifanya kazi juu, presha na mapigo hupanda kuliko miguu ikifanya kazi ile ile, na mtu hubana pumzi bila kujua. Kwa hiyo lile pigo la kuinua jembe, ambalo mama atalitaka tu mara ngoma ikilia, alifanye mikono mitupu na aishie kifuani. Moyo unahitaji muda huu. Ukianza kwa kasi, lango lile la katikati hufunguka ghafla na mapigo hurukia juu kabla dawa haijaweza kulishika.

Kisha asimame, mkono mmoja ukiwa karibu na mgongo wa kiti. Wiki ya 1 na 2: vipande viwili vya dakika 5 vya hatua za ngoma za kawaida, pembeni na mbele, kati yake dakika 2 ameketi. Katika dakika hizo 2 zima spika kabisa. Mtafiti Luciano Bernardi na wenzake wa Pavia, Italia, mwaka 2006, waliwasikilizisha watu 24 wenye afya muziki wa aina mbalimbali: muziki wa kasi ulipandisha pumzi na mapigo, lakini ukimya wa dakika 2 waliouweka katikati ulishusha presha, pumzi na mapigo chini ya pale walipoanzia. Wiki ya 3 na 4 viwe vipande vitatu vya dakika 5. Wiki ya 5 na 6, viwili vya dakika 10. Wiki ya 7 na 8, dakika 20 mfululizo, na kutoka hapo asogee polepole hadi 30. Wiki iliyomshinda irudiwe. Ongeza dakika kwanza, mwendo baadaye, kamwe visiende pamoja wiki moja.

Mwisho, dakika 10 za kupoa: nyimbo za 70, hatua fupi, kisha ameketi. Hapa ndipo palipo na hatari niliyoigusia. Mtu akicheza, mishipa ya miguu imefunguka na misuli inarudisha damu juu. Akiacha kucheza ghafla damu inabaki miguuni, na bisoprololi inauzuia moyo usifidie upesi. Macho yanafanya giza, anaanguka. Kwa anayetumia warfarini, kuanguka si jambo dogo. Akiwa ameketi, amalizie dakika 5 za pumzi: avute kwa pua sekunde 4, atoe kwa kuguna wimbo mdomo umefungwa sekunde 6, mara 6 kwa dakika. Bernardi huyo huyo aliwahi kuonyesha, mwaka 2001, kwamba rozari ikisaliwa kwa Kilatini huleta pumzi 6 kwa dakika bila mtu kuhesabu. Noti ndefu za kwaya asizilazimishe mpaka shingo itutumke. Kubana pumzi na kusukuma kunayumbisha presha.

Sasa Mabatini. Nyumba za milimani hapa Mwanza zina kasoro moja ambayo vitabu vya mazoezi haviisemi: ukishuka barabarani kutembea kwenye tambarare, kazi nzito kuliko zote, kupanda mawe kurudi, inakuja mwishoni, pale ambapo moyo ulitakiwa kupoa. Ndiyo maana mpango huu nimeuweka uani. Mkitaka kushuka, mama apumzike chini dakika 20 kamili, kisha apande hatua moja kila midundo miwili ya wimbo ule ule wa 80, asimame kila baada ya hatua 15 au 20 kabla hajahema, si baada. Au bodaboda impandishe, si aibu. Uani kwenyewe fagieni changarawe, achague viatu vilivyofungwa nyuma, si ndala, na kitenge kiishie juu ya kifundo cha mguu.

Akigonga kichwa, hata kama anacheka na hana jeraha, aende hospitali siku hiyo hiyo na mseme mapema kwamba anatumia warfarini. Misuli ikiuma wiki ya kwanza, na itauma, apate parasetamoli kwa kipimo cha kawaida kwa siku chache. Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa kila duka la dawa zinaongeza hatari ya kutoka damu tumboni zikikutana na warfarini, na dawa za kuchua zenye salisilati, jamii ya aspirini, nazo zinaweza kupandisha INR, kile kipimo cha damu kinachoonyesha warfarini inafanya kazi kiasi gani. Hakikisha INR yake ya karibuni iko kati ya 2 na 3 kabla ya wiki ya kwanza.

Mazoezi ya kwaya aendelee nayo, ila saa ya pili akae, na akubaliane na mwalimu wa kwaya kwamba kwenye zile hatua za kuruka atapiga makofi. Mashindano ya ngoma ayaone kwa macho msimu huu. Si kwa sababu ngoma ni mbaya. Kati ya Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana, mchezaji hasimami akichoka, anasimama akishinda, na hicho hasa ndicho tunachomwondolea mama.

Aache kucheza na akae mara moja akisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au moyo unakimbia na haujatulia baada ya dakika 10 za kupumzika; hapo aende hospitali. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakichanganyika, tazama saa, kumbuka muda ulioanza, na mwende saa hiyo hiyo. Msimpe kitu mdomoni.

Wapo wasomaji wengine wenye matatizo ya mapigo ambao mpango huu hauwafai kama ulivyo. Aliyewekewa karibuni betri ya moyo (pacemaker) asiinue kiwiko cha upande huo juu ya bega kwa wiki 4 hadi 6, waya zisije zikachomoka. Betri nyingi huhisi mtikisiko wa mwili ndipo zinapandisha mapigo, hivyo kwenye ngoma ya kukaa anaweza kuchoka mapema kwa sababu betri inadhani amelala. Amweleze fundi wa kliniki, hurekebishwa. Simu na spika za masikioni zina sumaku, zikae sentimita 15 mbali na betri, si mfuko wa shati. Mwenye kifaa cha kushtua moyo aambiwe kinashtua kuanzia mapigo mangapi, na abaki angalau 10 hadi 20 chini yake. Na mwenye QT ndefu, ugonjwa wa kurithi wa umeme wa moyo, aulize daktari wake kwanza, maana kwa baadhi yao mlio wa ghafla unatosha kuharibu mapigo. Spika isianze kwa kishindo.

Mkienda kliniki tarehe ijayo, Bugando au Sekou Toure, ombeni barua ya idara ya fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, na kipimo cha kutembea dakika 6, kinachofanywa kwenye njia tambarare ya mita 30. Andika mita alizofika. Nunua daftari, chora safu tano: tarehe, mapigo kabla, dakika alizocheza, namba ya Borg, mapigo dakika 10 baada ya kumaliza. Wiki ya 8 apimwe tena. Akizidisha mita 30 au zaidi, hayo ni maendeleo ya kweli, hata kama mapigo bado yanaruka vile vile. Asipofika, daktari afungue daftari aangalie safu ya mwisho kabla hajagusa dozi ya bisoprololi.